Tangi Hupimwa kwa Pua Kwanza

Mnunuzi wa kuku anayeijua kazi yake haanzi na rangi ya manyoya. Humpapasa kuku kidari asikie kama mfupa umechongoka, akamtazama kishungi, akamgeuza aone kama nyuma kumechafuka, ndipo anataja bei. Ihanja, kama kwingine Singida, mtoto hulipata jicho hilo kabla hajamaliza shule ya msingi. Nimefuga samaki wa dhahabu hapa kwa miaka kadhaa, na nimesadiki kwamba jicho hilohilo la kuku ndilo linalotakiwa mbele ya tangi la kioo. Wengi huliacha mlangoni. Wakimwona samaki mwekundu anayeng'aa hutazama rangi tu, na rangi ndiyo ya mwisho kusema ukweli.

Anza na pua. Inama juu ya tangi, uvute pumzi. Maji mazuri hunukia kama udongo ulioonja mvua ya kwanza ya Novemba. Ukisikia harufu ya mtaro, kuna chakula kinachooza chini ya kokoto. Kisha tazama uso wa maji: mapovu ya pampu ya hewa yanatakiwa kupasuka papo hapo. Yakikaa na kujikusanya pembeni kama povu la pombe ya mtama, maji yamebeba uchafu mwingi uliokwisha kuyeyuka. Usidanganywe na maji maangavu. Sumu kubwa ya tangi ni amonia, na amonia haina rangi.

Hapa nakaa kidogo, maana hapa ndipo samaki wengi hufia. Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake kila anapopumua, na samaki wa dhahabu, ndugu wa karibu wa samaki aitwaye kapi, hula sana na kuchafua sana. Tangi lililokomaa lina bakteria kwenye sponji ya chujio, kokoto na kioo. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Makundi hayo huhitaji wiki 4 hadi 6 kujijenga. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mwenye tangi ni hili: limeanza lini?

Maji yetu nayo yana lake. Maji ya visima huku ni mazito kwa madini. Ukoko mweupe ndani ya birika ni ushahidi wa kila siku. Samaki wa dhahabu huyapenda maji ya namna hiyo kuliko maji laini ya mvua, ambayo yakitumika peke yake hukosa madini ya kuzuia uchachu usipande ghafla. Lakini amonia huwa kali zaidi katika maji yenye magadi. Uzembe ambao mahali pengine samaki angeuvumilia wiki nzima, katika maji ya namna hii humuua mapema.

Nililijua hilo kwa gharama. Tangi langu la kwanza nililijaza asubuhi, na alasiri nikaweka samaki watatu. Siku ya nne akaja mama jirani, mfugaji wa kuku wa siku nyingi, kuazima chekeche. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yako kwenye kioo. "Mwanangu, hawa samaki wako wana nini? Wanatweta kama kuku wa kideri." Akasogea. "Na huyu mbona kashusha mabawa?" Hakuwa amewahi kuona samaki wa dhahabu maishani mwake. Mimi nilikuwa nikiwasifia rangi. Wawili walikufa usiku ule.

Alichokiona ndicho cha kutazama. Samaki mzima huinua pezi la mgongo kama tanga, mgonjwa hulibana. Vifuniko vyote viwili vya matamvua vifunguke sawasawa na kwa utulivu. Samaki anayehemea juu ya maji alfajiri hapati hewa ya kutosha, au matamvua yake yameungua kwa amonia. Mtazame pia kutoka juu: ubavu mmoja usizidi mwingine, na magamba yalale. Magamba yaliyosimama kama manyoya ya kuku aliyejikunyata ni dalili mbaya sana, na samaki wa hivyo usimnunue hata kwa bei ya bure.

Vidoa vyeupe humtenganisha mjuzi na mgeni. Vikitapakaa mwili mzima na mapezi kama chembe za chumvi, huku samaki akijikuna kwenye kokoto, ni ugonjwa wa vimelea. Vikiwa vimepangika kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani tu, huyo ni dume aliyeingia msimu wa kuzaa, na nimeona watu wakimtia dawa bure. Vilevile samaki aliyepauka kidogo asubuhi na mapema si mgonjwa. Samaki huyu hana kope, hulala macho wazi karibu na sakafu, na rangi hufifia usiku. Mwanga ukiingia hurudi.

Kinyesi pia hukitazama mfuga kuku, na wewe kitazame. Kinatakiwa kifanane na rangi ya chakula na kikatike kizame. Uzi mrefu mweupe unaoning'inia ni wa samaki asiyekula au mwenye ugonjwa wa tumbo. Samaki wa dhahabu hana tumbo halisi la kuhifadhi chakula, ndiyo maana apewe kidogo kidogo, kiasi anachokimaliza kwa dakika 2. Chembe za ugali ambazo watoto humrushia kwa upendo huoza. Njegere moja iliyochemshwa na kumenywa, au jani la mchicha lililopitishwa kwenye maji moto, linamfaa zaidi.

Ukubwa wa tangi nauhesabu kwa madumu, maana ndivyo maji yanavyofika nyumbani. Samaki mmoja anataka madumu 4 ya lita 20, na kila anayeongezeka anataka mengine 2. Bakuli la duara, hata liwe zuri namna gani, ni kosa. Samaki wa dhahabu wa umbo fupi la mviringo hufika sentimita 15 hadi 20, na wenye mwili mrefu wanaweza kupita 30. Huko Uingereza samaki aitwaye Tish, aliyepatikana kwenye maonyesho mwaka 1956, alikufa 1999 akiwa na miaka 43. Anayesema samaki wa dhahabu ni wa miezi mitatu anaeleza tangi lake.

Sasa mwenye tangi. Mwombe akuonyeshe sponji ya chujio. Iwe ya kahawia na utelezi kidogo. Sponji nyeupe kama mpya imefuliwa kwa maji ya bomba na sabuni, na bakteria wote wamekwenda na povu. Inatakiwa kukamuliwa ndani ya ndoo ya maji yaleyale ya tangi, basi. Muulize pia kuhusu dumu la kila wiki: katika tangi la lita 80, dumu moja linalotoka na jingine linaloingia ni robo ya maji. Linaloingia liwe limelala usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi, maana maji ya kisima kirefu hupanda yakiwa na hewa kidogo, na ya bomba la mjini huwa na klorini. Linalotoka lina nitrati, chakula cha mimea. Mimi huangalia mchicha wa nyuma ya nyumba, unaomwagiwa maji hayo, kabla ya kuangalia tangi.

Kwa hali ya hewa, Ihanja inaishinda Dar es Salaam. Samaki huyu hustawi kwenye nyuzi 18 hadi 22, na maji ya uvuguvugu hushika hewa kidogo. Singida tuko juu, kwenye takriban mita 1,500, na usiku wa Juni na Julai hauhitaji feni. Umeme ukikatika na pampu ikasimama, chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu, mara kwa mara, mpaka urudi.

Samaki akifika kwa basi kutoka Dar, karibu kilomita 700 ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ule uelee juu ya maji ya tangi dakika 20, kisha mtoe yeye peke yake. Maji ya safari yamejaa amonia, yamwagie mti. Zima taa. Usimpe chakula usiku huo, hata akuangalie vipi.