Les Experts: taa ya bluu haisemi kila kitu

Wengi kati yetu tulijua sayansi ya polisi kupitia seri ya Marekani, Les Experts (CSI). Ilianza 2000, ikaisha 2015, na bado inazunguka kwenye fulashi na simu. Mimi pia ninaipenda. Gil Grissom alitufundisha kuvaa glavu, kutokanyaga mahali pa kosa, kutafuta alama mbele ya kusikiliza uvumi. Hiyo ni mazuri. Lakini kuna uongo moja ndani yake wenye hatari, zaidi kwa wale wa droit watakaoingia parke kesho.

Kwenye seri, taa ya bluu inawaka, shuka inang'aa, basi kesi imekwisha. Kwa kweli mkojo, mate, maziwa na hata sabuni ya unga vinaweza kung'aa vilevile. Luminoli, ile ya kutafuta damu, inawaka pia kwa javele. Taa inaonyesha pa kutafuta tu. Haisemi umepata nini.

Kinachosema ni protini. Mwaka 1978, mtaalamu Mmarekani George Sensabaugh alieleza protini ya shahawa aliyoita p30. Leo tunaiita PSA. Inatoka kwenye prostati, njo maana inaonekana hata kwa mwanaume asiye na mbegu. Kipimo chake kinafanana na TDR ya malaria tunayoijua wote: kitambaa kinaloweshwa, tone linawekwa, antibodi inakamata protini, mistari miwili inatoka. Kwa mate wanatafuta amilasi, kwa damu hemoglobini ya mtu. Kijikaratasi hiki hakina uzuri wa televizyo, lakini kinafanya kazi ambayo taa haiwezi.

Hata hivyo, hakimalizi neno. PSA iko kidogo pia kwenye maziwa ya mama na mkojo wa mwanamke. Kwa hiyo labo zingine zinapima semenojelini. Shahawa ikiwa nyingi mno, mstari unaweza kukosa kutoka mpaka uongeze maji. Na zaidi: protini inasema ni maji gani ya mwili, haisemi ni ya nani. Hapo inahitaji ADN.

Sasa ugomvi wangu na seri ni huu: inazoeza batu kuamini kwamba bila labo hakuna kosa. Mwilini mwa mwanamke, PSA kwa kawaida inapotea ndani ya siku moja ao mbili. Mama aliyetoka kijijini mpaka huku Kamina, amekwisha kuoga, kipimo chake kinaweza kutoka bure. Haina maana amesema uongo! Sheria 06/019 ya tarehe 20 Julai 2006 inataka parke ao juji aite munganga na mwanasaikolojia. Haijasema angojee taa ya bluu.

Basi tuangalie seri kama seri. Cha kubeba kutoka kwenye sayansi yenyewe ni kidogo na bei yake ndogo: nguo isifuliwe, ikauke kivulini, iingie kwenye bahasha ya karatasi, si sashe, maana unyevu unaozesha. Juu yake waandike tarehe, saa, na sahihi ya kila mutu aliyeipokea. Pasipo hiyo, hata labo ya Las Vegas itapima uchafu tu.