Vipimo vya Maktaba Bora ya Programu: Mwongozo kwa Watunza Takwimu za Watu

Maktaba ya programu ni mkusanyiko wa msimbo ulioandikwa na watu wengine, ambao mwandishi wa programu huuchukua ukiwa tayari ili asianze upya kazi kama kusoma tarehe, kuhifadhi rekodi au kutuma taarifa kwenye seva. Kwa kuwa karibu kila programu ya leo imejengwa juu ya maktaba za namna hiyo, kasoro iliyojificha ndani ya moja tu huweza kuharibu kazi ya miaka. Mwongozo huu unaeleza jinsi mjuzi anavyoipima maktaba kabla ya kuikabidhi kazi nzito, na mifano yake inatokana na kazi iliyoota mizizi Ikwiriri, wilayani Rufiji nchini Tanzania, yaani kuandikisha watu na matukio ya maisha yao mfululizo.

Uandikishaji huo ulianza Rufiji mwaka 1998 chini ya mradi wa TEHIP, ulioziunganisha Wizara ya Afya ya Tanzania na taasisi ya IDRC ya Kanada, kisha ukaendelezwa na Taasisi ya Afya Ifakara. Waandikishaji walipita kaya kwa kaya kila baada ya miezi minne, wakiandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Programu iliyotumika, HRS, ilitokana na kazi ya shirika la Population Council katika kituo cha Navrongo nchini Ghana, na fahari yake kubwa ilikuwa ukaguzi wa mantiki: aliyekwisha kuandikwa kuwa amefariki hakuweza kuandikwa tena kuwa amehama, na aliyeondoka katika kaya hakuweza kuzaa humo kabla ya kurudi. Kutokana na kazi ya aina hii vinaweza kupatikana vipimo vitano.

Kipimo cha kwanza ni namna maktaba inavyokosea. Maktaba zote hufanana siku kazi inapokwenda sawa, bali tofauti yao hudhihirika inapopokea kitu isichokitarajia. Maktaba duni, ikipewa tarehe ya 31 Juni, huibadilisha kimyakimya kuwa 1 Julai na kuendelea, ilhali maktaba bora husimama papo hapo na kutaja rekodi ipi, safu ipi na thamani ipi imekataliwa. Kosa linalojitangaza mahali lilipozaliwa hurekebishwa siku ileile, lakini linalopita kimya huibuka miezi baadaye katika jedwali la vifo, mbali kabisa na chanzo chake, na hapo ndipo wataalamu hupoteza wiki nzima wakitafuta mahali pasipohusika.

Kipimo cha pili ni nyaraka, yaani maelezo ya matumizi yanayoambatana na maktaba. Wingi wa kurasa si dalili ya ubora, kwa sababu zipo nyaraka ndefu zinazorudia tu jina la kila amri kwa maneno mengine. Msomaji makini hutafuta mambo matatu: kinachotokea thamani inapokosekana, kipimo kinachotumika, kama vile sekunde au milisekunde, na mipaka ambayo waandishi wenyewe wanakiri kuwa maktaba haiwezi kuivuka. Nyaraka zinazoonyesha mfano wa mafanikio peke yake humwacha mtumiaji bila msaada wakati anapouhitaji zaidi.

Kipimo cha tatu ni tarehe, na hiki kinastahili muda mrefu kuliko vyote, kwa sababu humo hukaa hitilafu za kuvizia, zile zinazotokea kwa baadhi ya rekodi na kutoweka zinapochunguzwa. Kanzidata ya kanda za saa inayotumiwa na kompyuta nyingi duniani huihesabu Dar es Salaam sawa na Nairobi, ambako kati ya mwaka 1937 na Julai 1942 saa ilitangulia ile ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 45, tofauti na saa 3 kamili za leo. Maktaba isiyo makini huihifadhi siku ya kuzaliwa kama nukta ya wakati, yaani saa sita kamili usiku siku hiyo inapoanza. Iwapo programu moja itaiandika 1 Januari 1941 kwa hesabu ya saa 3 na nyingine ikaisoma kwa saa 2 na dakika 45, mzee aliyezaliwa siku hiyo atarudishwa nyuma robo saa, na robo saa hiyo inatosha kumhamishia 31 Desemba 1940 na kumwongezea mwaka katika hesabu zinazotegemea mwaka wa kuzaliwa. Mwandishi kijana anayejaribu kwa tarehe yake mwenyewe hataona dosari yoyote. Matoleo ya zamani ya kanzidata hiyo yalikifikisha kipindi hicho hadi 1960, kwa hiyo kishikwambi kisichosasishwa kinaweza kutoa jibu tofauti na seva kuhusu mtu yuleyule. Maktaba bora huihifadhi siku ya kuzaliwa kama siku, bila saa wala kanda, na nyaraka zake hulisema jambo hilo waziwazi.

Kipimo cha nne ni uvumilivu wa mtandao unaokatika, hali ambayo mtu anayekusanya taarifa katika visiwa vya delta ya Mto Rufiji, upande wa Kibiti, hana budi kuitarajia. Rekodi ikitumwa, jibu likapotea njiani, kishikwambi kitaituma tena. Maktaba bora huitambua kwa kitambulisho chake cha pekee na kuipokea mara moja tu, ilhali iliyo duni huzalisha mtoto wa pili asiyekuwapo.

Kipimo cha tano ni uwazi na uhai. Orodha ya hitilafu zinazojulikana na kumbukumbu ya mabadiliko ya kila toleo ni alama za heshima, kwani mficha maradhi kilio humfichua. HRS yenyewe ilitegemea FoxPro, zana ya kujengea kanzidata, na Microsoft ilitangaza mwaka 2007 kwamba haitatoa toleo jipya la zana hiyo. Kwa hiyo anayechagua leo aangalie pia nani atakayeitunza maktaba baada ya miaka 10, na kama takwimu zinaweza kutolewa humo kwa muundo unaosomeka kwingine.

Anayepima na aanze kwa kuivuruga: aipe tarehe isiyokuwapo, mzee wa mwaka 1941, nafasi tupu na rekodi iliyotumwa mara mbili, kisha alinganishe majibu na nyaraka. Pale viwili hivyo vinapotofautiana, maktaba hiyo haifai kukabidhiwa vizazi na vifo vya watu, hata iwe nyepesi na maarufu kiasi gani.