Mayowe ya kilimani: jinsi Roland Rugero alivyoijenga "Baho!"

Kwa desturi, kilima cha Burundi hakina kijiji. Kila rugo, yaani boma la familia moja, liko peke yake katikati ya shamba na migomba yake, na jirani unamsikia kabla ya kumwona. Sisi wa Cibitoke, mtaa wa Bujumbura, tulio na bibi na wajomba huko juu tunalijua hilo tangu utotoni. Roland Rugero ameisimamisha riwaya yake Baho!, iliyotoka 2012, juu ya jambo hilohilo.

Nyamuragi, kijana bubu, amebanwa na haja. Anamwuliza msichana kwa ishara mahali pa kujisaidia. Msichana anadhani kijana anataka kumbaka, anapiga mayowe. Ni wakati wa ukame, visa vya ubakaji vimeshawatia watu hofu, na mayowe hayo hayasubiri maelezo. Watu wanamiminika.

Mwandishi mwingine angewachora kama makatili tu. Lakini kilimani kuitikia mayowe ni wajibu: ndivyo mgonjwa anavyopata wa kumbeba, ndivyo mjane anavyolindwa usiku. Umati unaotaka kumwua Nyamuragi unajiona ndugu wa yule binti, na kwa sababu hiyo unatisha zaidi. Ukame nao haupewi maelezo marefu ya njaa. Unaonekana katika subira iliyowaishia watu.

Ububu wa Nyamuragi ni uamuzi wa fundi. Mhusika mkuu asipoweza kujitetea, mwandishi analazimika kutafuta sauti kwingine: katika methali za Kirundi, katika kumbukumbu, na kwa kikongwe mwenye chongo anayetazama yote akiwa machungani. Kila sauti inayoingia inaichelewesha adhabu, na msomaji anazidi kubanwa kifua. Mahali pengine tafakuri juu ya nchi inarefuka mno hadi kijana anasahaulika. Hapo nilitamani turudishwe upesi usoni pake.

Gaël Faye, katika riwaya yake Petit pays ya 2016, aliitazama nchi hii kwa macho ya mtoto wa Kinanira, mtaa wa Bujumbura wa wenye nafasi. Rugero aliandika akiwa amesimama mtelemkoni, kati ya watu wanaokuja mbio.

Christopher Schaefer aliitafsiri Baho! kwa Kiingereza mwaka 2016. Wasomaji wa Cibitoke, Buyenzi na Bwiza wanastahili kuisoma kwa Kiswahili pia. Mtafsiri wake atayamudu mayowe. Methali ndizo zitakazomkosesha usingizi.