Miligramu Sita

Uingereza, damu ya dereva anayeshukiwa kulewa hugawanywa katika chupa mbili: moja ya polisi, nyingine yake mwenyewe akiitaka, aipeleke kwa mpimaji wake. Kikomo kilichowekwa mwaka 1967 ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Scotland walikishusha hadi 50 mwaka 2014. Miligramu mbili tatu zinatosha kumnyang'anya mtu leseni, na nawaheshimu kwa dhati wanaohakikisha hazipungui wala haziongezeki njiani.

Maana damu haitulii hata ikishatoka mwilini. Ina sukari, na vijidudu vya hamira aina ya Candida vikiipata huichachusha, vikazalisha kilevi ambacho dereva hakukinywa. Wakati huohuo, oksijeni iliyobebwa na himoglobini hukigeuza kile alichokunywa kuwa asetaldehidi. Kingine huvukia kwenye nafasi tupu ya chupa na kutoroka kizibo kinapofunguliwa.

Mtazame daktari au muuguzi aliyeimudu kazi hii. Hapangusi ngozi kwa spiriti. Haachi nafasi kubwa tupu juu ya damu. Kisha huipindua chupa juu chini, polepole, tena na tena, bila kuitikisa, mpaka unga uliomo uyeyuke wote. Kwangu hapo ndipo ustadi ulipo, katika dakika ambayo mwenye haraka angeiruka. Ndani ya unga huo, oksaleti huzuia damu isigande, na floraidi hufunga kimeng'enya ambacho hamira hukihitaji ili kuchachusha sukari. Usipoyeyuka, damu hushika mabonge na vijidudu hupata mwanya. Ila floraidi haiizuii ile oksijeni. Hiyo ni kazi ya friji, kwenye nyuzi 4 hivi, tangu siku ya kwanza hadi kesi iishe.

Maabarani nako hakuna pupa. Mpimaji huchanganya damu na propanoli ya kiasi anachokijua, iwe kipimo cha kulinganishia, hufunga kichupa, hukipasha moto, na kuupima mvuke unaokusanyika juu. Hurudia kwa sehemu nyingine ya damu ileile. Majibu yasipokubaliana, huanza upya.

Hatimaye, matokeo yakiwa chini ya 100, hutoa miligramu 6 kwa faida ya dereva. Aliyepatikana na 85 huandikiwa: si chini ya 79. Nje ya Scotland, anakwenda nyumbani na leseni yake.