Muziki ya wakati wetu: tusikilize tena mbele ya kulia

Bandugu wa lisansi, tunajuana. Kwenye kila ndoa ya mwenzetu, DJ akimaliza nyimbo tatu za mwaka huu, lazima mutu mmoja wa umri wetu aseme: "Muziki ya sasa haina sebene." Wengine wanaitika kama vile kwenye misa. Halafu inawekwa Arsenal de belles mélodies ya Fally Ipupa, ya 2009, ao Qui est derrière toi? ya Ferre Gola, ya mwaka ule ule, na watu wa miaka 28 wanaanza kusimulia kama wazee wa 60.

Mie sisemi kwamba ni uongo wote. Nasema tunaitwika ile muziki mzigo usio wake.

Tuanze na sebene yenyewe. Wimbo mzima wa Kinshasa, ule wa dakika saba ao nane, uko na sehemu mbili. Kwanza watu wanaimba polepole: mapenzi, machozi, fulani ameniacha. Halafu ngoma inabadilika, waimbaji wananyamaza, na magitaa yanabaki. Moja inashikilia mwendo, ya pili, mi-solo, inajaza katikati, na solo inapanda juu kabisa ya shingo ya gitaa, inarudia kasentensi kadogo mara kumi, mara ishirini, mpaka atalaku anapiga kelele na kila kitu kinageuka. Atalaku tulipewa na Zaïko Langa Langa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ile chombo alikuwa anatikisa ilitengenezwa na mkebe wa dawa ya kuua wadudu. Kama agronome, ndiyo matumizi ya mkebe wa dawa ninayoyakubali bila sharti lolote.

Sasa, juu ya nini sisi wa Butembo tulishika sana ile sehemu ya pili? Wengi hatukujua Lingala. Nyumbani ni Kinande, sokoni Swahili, shuleni Kifaransa. Lingala tuliisikia kwenye barrière, kwa mwenye bunduki anayeuliza karte; ni lugha ya jeshi tangu wakati wa Wabelgiji. Maneno ya mapenzi yalitufikia katika lugha tuliyozoea kuamriwa nayo. Tuliimba bila kuelewa nusu yake, tena kwa sauti kubwa. Lakini gitaa halikuhitaji mtafsiri. Hapo mtoto wa Butembo na mtoto wa Bandal walikuwa sawasawa. Ndiyo maana kizazi chetu hakilii sauti za waimbaji, ingawa Ferre ana sauti ambayo wachache sana wanaifikia. Kinalia sebene.

Bon. Nimezisikiliza tena zile albamu mwezi huu, na ekutere, mpaka mwisho. Kuna vitu tunavisahau. Kwenye nyimbo nyingi, gitaa likianza tu kusema kitu, linazibwa na libanga: majina ya wafanyabiashara, wakubwa, watu wa Ulaya waliolipa watajwe. Tuliyajua kwa moyo majina ya matajiri wa Kinshasa wasiojua hata Butembo iko upande gani. Techno Malewa ya Werrason, ile ya 2009, ilitukimbiza sana, lakini sikiliza solo peke yake: mara nyingi ni mawazo mawili yanayozungushwa, nguvu yote iko kwa ngoma na makelele. Na Arsenal, ile tunayoiapia, ndimo mlimo Chaise électrique na Olivia wa Marekani. Mlango wa kutoka kwenye sebene ulikuwa wazi tangu pale. Fally hakutusaliti 2017 na Tokooos. Alimaliza safari aliyoianza mbele yetu.

Tokooos yenyewe siipendi, niseme wazi. Nyimbo zilikatwa fupi ziingie kwenye masikio ya watu wa nje, na wimbo uliokatwa hivyo hauna mahali pa kuweka sebene, kama vile huwezi kupanda mbegu ya msimu mrefu ukitaka uvune baada ya wiki sita. Lakini wanaosema kwamba mambo yaliishia hapo hawajafungua Formule 7 ya Disemba 2022. Sebene imo, tena imepigwa safi kuliko ile ya 2009: magitaa yanasikika moja moja, mi-solo haifichwi tena. Niliuliza wenzetu watano wanaolia zaidi. Watatu walisikiliza dakika mbili za kila wimbo, halafu wakapita. Dakika mbili! Sebene hata haijavaa viatu.

Kulia kwenyewe hakukuanza na sisi. Wazee wetu walilia Wenge Musica tangu ilipopasuka 1997, na tarehe 30 Juni 2022 JB Mpiana na Werrason wakasimama tena pamoja kwenye Stade des Martyrs. Waingereza nao: Oasis, kundi lao la magitaa, lilivunjika 2009, na waliporudi 2025 watu wazima walijaza viwanja kuimba nyimbo za ujana wao. Ni kawaida. Muingereza analia nywele zake na bei ya tiketi. Mtoto wa Beni analia kingine.

Angalieni tarehe. Boîte noire ya Ferre na Power Kosa Leka ya Fally zilitoka 2013. Oktoba 2014 yakaanza mauaji ya raia kwenye teritwari ya Beni, kwa panga na shoka. Kukaja amri za kutotembea usiku. Agosti 2018 ikatangazwa Ebola, mpaka Juni 2020, na hata kushikana mikono ikawa hatari. Mei 2021 tukawekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Zile albamu mbili ndizo za mwisho tulizozisikiliza usiku ukiwa bado mzima. Sebene nzuri inafika dakika ya tano. Inataka mutu asiyeangalia saa, na baa isiyofunga mlango kabla jua kuzama. Na mutu wa kutoka Butembo aende kucheza Beni, kilometa 54 hivi, arudi bila mama yake kukesha.

Wale waliopanda kakao upande wa Mbau wakati ule walijua mti utaanza kuzaa baada ya miaka mitatu ao mine. Ulizaa. Wengi wao hawakuweza kuingia shambani kuvuna. Mwenye shamba kama huyo akikwambia kwamba muziki ya 2013 ilikuwa tamu, usibishane naye juu ya magitaa.

Lakini sisi tunaoandika na kubishana kwa Kifaransa kizuri, tuseme basi jambo lenyewe. Mdogo wangu alikuwa na miaka sita 2014. Tukimwambia kila siku kwamba muziki ilikufa mbele yake, tunamfanya aamini kwamba alikuja kuchelewa, kama vile usiku alinyimwa na Fally.

Na tena siyo kweli kwamba hasikii sebene. Anaisikia Jumapili. Makanisa mengi ya hapa Butembo, sifa zikipanda, wanaingia kwenye sebene kabisa, mi-solo na solo, ile ile, bila libanga ya mutu yeyote isipokuwa ya Mungu. Moïse Mbiye na L'Or Mbongo wamewafundisha wengi. Kuna kijana huku Vulamba, familia yake ilikimbia kutoka upande wa Oicha, anapiga solo kwenye gitaa yenye nyuzi tano sababu ya sita ilikatika. Besi yao iko juu sana, na mpiga ngoma anaharakisha. Yeye anabaki kwenye kasentensi kake, anakarudia, anakageuza kidogo mwishoni, saa nne ya asubuhi. Dakika ya tisa pasta alisimama kutaka kuhubiri, wamama wakakataa kukaa.