Hatua Isiyorukwa

Katika video nzuri ya Hisabati uso wa anayefundisha hauonekani. Inaonekana karatasi ya daftari la mraba na mkono ulioshika kalamu, na inasikika sauti ya kijana aliyemaliza kidato cha sita, anayesubiri chuo. Simu ameilaza juu ya vitabu alivyovipanga mpaka vikafikia kimo anachotaka, kamera imetokeza ukingoni inatazama chini. Feni ameizima, maana ikizunguka maneno yanamezwa na upepo, na Tanga mwezi wa pili ukizima feni jasho linadondokea karatasi. Ndiyo maana vijana wengi wa kazi hii hurekodi alfajiri, swala ikishaswaliwa na bodaboda hazijaanza kupishana kwenye barabara za Ngamiani.

Kazi hii ninaipenda na kuiheshimu, na ningeomba wakubwa waache kuiita mchezo wa simu. Katika mtihani wa kidato cha nne, kwa miaka mingi sasa, wanaofeli Hisabati ni wengi kuliko wanaofaulu. Vijana hawa wamelipita somo hilo juzijuzi, na ujuzi wao mkubwa uko hapo: bado wanakumbuka walipokwama. Mwalimu wa darasani ana kipindi cha dakika 40, wanafunzi wamejaa hadi dirishani, na silabasi inamkimbiza. Anaandika mistari mitatu ubaoni akiona ametimiza, kwa sababu mstari wa nne umekaa kichwani mwake miaka mingi hata haoni tena kwamba upo. Aliyeelewa mwaka jana anauona. Pwani yetu inaujua utaratibu huu wa aliyetangulia kumsaidia anayemfuata tangu zamani: kwenye chuo cha Kurani, mwanafunzi aliyetangulia humsikiliza aliye nyuma yake, na mwalimu hupita kusahihisha. Kijana wa kalamu na simu ameurithi, ingawa anayemsikiliza anaweza kuwa Pangani, Muheza au Moa, na huenda wasionane maisha.

Chukua mlinganyo huu: 7 − 2(x − 3) = 5. Mwanafunzi amelishika neno MAGAZIJUTO tangu shule ya msingi: mabano kwanza, kisha kugawanya, kuzidisha, kujumlisha, mwisho kutoa. Anaingia kwenye mabano, anakuta x haijulikani, mle ndani hakuna la kufanya. Basi anatoka na kushika kilicho karibu: 7 toa 2, anapata 5. Anaandika 5(x − 3) = 5, anagawanya pande zote kwa 5, x − 3 = 1, x = 4. Anafungua majibu mwisho wa kitabu, anakuta 4. Anajipa vema, na njia yote aliyopita ni mbovu.

Fundi wa video hizi anajua mfano wa namna hiyo haufai, kwa kuwa unamficha aliyekosea. Kwa hiyo anabadilisha namba moja tu: ile 5 ya upande wa kulia anaifanya 3. Sasa aliyetoa 2 kwenye 7 anapata 3.6. Aliyezidisha, lakini akasahau kwamba hasi mbili mara hasi tatu ni chanya sita, anapata hasi 1. Aliyekwenda sawa anaandika 7 − 2x + 6 = 3, kisha 13 − 2x = 3, kisha 2x = 10, na x ni 5. Majibu matatu, na kila moja linaonyesha mtu alipotelea wapi. Kutafuta namba hiyo kunaweza kula jioni nzima, na mtazamaji hatajua kamwe. Yeye anaona swali la kawaida. Kwangu mimi, sanaa yenyewe iko hapo, kabla kalamu haijagusa karatasi.

Kinachofuata ni mwendo. Akifika kwenye mabano mkono unasimama, unarudi nyuma, unaizungushia duara ile alama ya hasi iliyo mbele ya 2. “Hasi hii ni yake,” sauti inasema, “akiingia ndani anaingia nayo.” Halafu kimya cha sekunde chache, ili anayetazama asimamishe video na kujaribu mwenyewe. Wanaoanza kazi hii huogopa kimya hicho, wanakijaza maneno au muziki. Waliokomaa wanakiacha.

Jambo jingine ni lugha. Mtoto anasoma Hisabati kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, na akiingia kidato cha kwanza somo, kitabu na mtihani vyote vinageuka Kiingereza. Sehemu, kigawe kidogo cha shirika, kipeuo cha pili, mambo aliyoyamudu, anakutana nayo upya kana kwamba hajawahi kuyaona. Katika video iliyotengenezwa vizuri, Kiingereza cha mtihani kinaandikwa kwenye karatasi na maelezo yanakwenda kwa Kiswahili cha nyumbani, jicho linashika huku na sikio kule. Walimu wengi hufanya hivyo hivyo darasani, ila kwa kunong’ona, wasije wakasikiwa. Kijana wetu hana wa kumwogopa, anasema wazi mpaka lieleweke.

Mkoa wa Tanga una sababu ya kujivunia katika habari hizi, na hatuisemi vya kutosha. Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi mwanzoni mwa 2019, watoto karibu 3,000 katika vijiji karibu 170 vya mkoa huu walipewa vishikwambi vyenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, katika shindano la kimataifa lililoitwa Global Learning XPRIZE. Wengi wao hawakuwa wamewahi kusoma shule. Vishikwambi vilichajiwa kwa umeme wa jua hapo hapo kijijini, na mwalimu hakuwepo. Mei 2019 zawadi kuu ya dola milioni 10 iligawanywa kwa washindi wawili, onebillion na Kitkit School, baada ya watoto kupimwa na kuonekana wamepiga hatua. Vifaa na fedha vilitoka ng’ambo, lakini waliojifunza ni watoto wa hapa, na walichopewa ni somo kwa lugha yao na ruhusa ya kulirudia watakavyo.

Ruhusa hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Darasani anayeuliza mara ya tatu anazomewa. Salman Khan, mwalimu anayejulikana kwa video zake za Hisabati, alianza mwaka 2004 huko Marekani kumsaidia Hisabati binamu yake Nadia aliyekuwa mji mwingine. Mwaka 2006 akaanza kuweka video kwenye YouTube, na amesimulia mwenyewe kwamba binamu zake walimwambia wanampenda zaidi kwenye video kuliko ana kwa ana. Si kwamba walimchoka. Kwenye video waliweza kumsimamisha na kumrudisha nyuma bila kuona haya. Hapa Tanzania Ubongo Kids, katuni iliyoanza kuonyeshwa 2014, imewaimbisha watoto hesabu kwa Kiswahili, nayo naipenda sana. Ila ile ina wachoraji na studio. Ninayemsifu mimi ana simu na rundo la vitabu.

Ana pia kazi ya kupima uzito wa faili, na hapa ndipo unapomwona anayewajua watu wake. Mwanafunzi haruhusiwi simu shuleni, na akirudi nyumbani simu ni ya mama, na bando ni la siku moja. Video ya dakika 20 yenye picha kali haitafunguliwa. Basi anakata mpaka ibaki swali moja, dakika sita hivi, na anaushusha ubora wa picha hadi pale ambapo alama ya hasi bado inasomeka vizuri, asivuke hapo. Kalamu nene nyeusi ni ya swali, bluu ya hatua, nyekundu ya kosa lililozoeleka. Likitumwa, faili linapita kwenye magrupu ya WhatsApp, na pasipo bando linahamishwa kwa Bluetooth, simu hadi simu, barazani. Wengi hawaandiki hata jina lao. Ningependa waandike.

Kuna topiki ya kidato cha tatu ambayo natamani vijana wa Tanga waichukue iwe yao: dunia kama tufe. Mji wetu uko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, kwenye longitudo ya nyuzi 39 mashariki. Dar es Salaam, ukikadiria kwa nyuzi kamili, iko nyuzi 7 kusini, longitudo ile ile ya 39. Tofauti ni nyuzi 2, kila nyuzi moja ni maili 60 za baharini, jumla maili 120. Chombo kinachokwenda maili 10 kwa saa kitatumia saa 12. Mtoto aliyekulia Sahare au Deep Sea hana shida na hesabu hiyo, amesikia safari za namna hiyo tangu utotoni. Kinachomshinda ni kwenda mashariki au magharibi, pale kosini inapojitokeza kwenye kanuni bila kueleza imetoka wapi.

Hapo lichukuliwe chungwa la Muheza. Lichorwe ikweta kwa maka peni, na juu yake latitudo nyingine mbili tatu. Likatwe kwenye ikweta, kisha kile kipande cha juu kikatwe tena kwenye mstari mmojawapo, sambamba na mkato wa kwanza. Vipande viwekwe kwenye karatasi, kamera isogezwe karibu, na mtazamaji apewe muda wa kuyalinganisha maduara yale mawili: chungwa ni lile lile, lakini duara la juu limepungua, na aliyelizunguka hilo amekwenda safari fupi kuliko aliyezunguka la katikati. Hapo sasa kosini iandikwe. Kosini ya nyuzi 0 ni 1, na kwenye ikweta duara ni zima. Kosini ya nyuzi 60 ni nusu, na ukifika nyuzi 60 nusu kipenyo ya duara imebaki nusu ya ile ya ikweta.