Rider Haggard na Mashimo Yake: Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone?

Vitabu vya kigeni vilivyofasiriwa kwa Kiswahili ni vingi, lakini ni vichache vilivyokaa vinywani mwa wasomaji kama Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka 1929. Waalimu waliotufundisha sisi walikisoma kitabu hiki walipokuwa wanafunzi. Hata hivyo, tukimwuliza mwanafunzi ni nani aliyekitunga, aghalabu hunyamaza. Katika makala haya twakusudia kumtazama mtungaji huyo, Henry Rider Haggard wa Uingereza, kisha tuulize swali ambalo mwalimu hawezi kulikwepa: je, kitabu hiki tukipe nafasi gani darasani?

Haggard alizaliwa tarehe 22 Juni 1856 huko Bradenham, katika jimbo la Norfolk, akiwa mtoto wa nane katika watoto kumi wa bwana mwenye mashamba. Baba yake hakumtarajia makuu, wala hakumpeleka katika shule za fahari. Alisoma Ipswich, katika shule ya kawaida. Mwaka 1875, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, alipelekwa Natal, Afrika ya Kusini, kumtumikia gavana Sir Henry Bulwer bila mshahara. Miaka miwili baadaye alifuatana na Theophilus Shepstone kwenda Pretoria, na mwezi wa Mei 1877 alishiriki kuipandisha bendera ya Kiingereza juu ya nchi ya Transvaal. Mwaka uliofuata akawa mrajisi wa Mahakama Kuu ya huko. Jambo hili yafaa tulishike: kabla hajatunga riwaya hata moja, mkono wake ulikuwa umekwisha kushika kamba ya bendera.

Walakini sikio lake nalo lilikuwa wazi. Huko Natal na Transvaal alisikiliza sana masimulizi ya Wazulu. Katika msafara wa Shepstone alikuwamo Mswazi mmoja aliyeitwa M'hlopekazi, mtu mzima wa kimo kirefu, mwenye sifa za ushujaa. Haggard hakumsahau, ndiye aliyemzaa Umslopogaas, shujaa mwenye shoka katika riwaya zake. Na mwaka 1892 alitoa Nada the Lily, riwaya ya enzi za Shaka ambayo wahusika wake wakuu wote ni Waafrika. Hilo halikuwa jambo la kawaida kwa Mwingereza wa zama zile.

Haggard alirudi kwao mwaka 1881, akajifunza sheria, akaandika vitabu vitatu visivyomletea faida. Yasemekana ndugu yake alimtania kwamba hawezi kuandika hadithi iliyofikia hata nusu ya uzuri wa Treasure Island ya Robert Louis Stevenson, iliyotoka mwaka 1883. Haggard akakaa kitako, na kwa muda wa wiki sita hivi akamaliza kuandika King Solomon's Mines. Wachapishaji, kampuni ya Cassell, walimpa hiari: achukue pauni 100 mkupuo mmoja, au asilimia 10 ya kila nakala itakayouzwa. Alikuwa karibu kuchukua zile pauni 100, lakini karani mmoja aliyekuwamo chumbani akamnong'oneza achague asilimia. Kitabu kilitoka Septemba 1885, na katika mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala 31,000. Mnong'ono wa karani ukawa utajiri. Katika mwaka 1887 zikafuata She na Allan Quatermain, na hadi alipofariki tarehe 14 Mei 1925 alikuwa ametunga riwaya zaidi ya hamsini.

Sasa na tuitazame riwaya yenyewe. Wazungu watatu, Quatermain, Sir Henry Curtis na Kapteni Good, wanasafiri kumtafuta nduguye Sir Henry aliyepotea alipokuwa akiyatafuta mashimo ya almasi. Wanafuatana na mtumishi wao Umbopa. Wakifika nchi ya Wakukuana, Umbopa anadhihirika kuwa ni Ignosi, mrithi wa kweli wa ufalme ulioporwa na dhalimu Twala. Vita vinapiganwa, Sir Henry anamwua Twala, na Ignosi anakalia kiti cha baba yake.

Ufundi wa mtungaji hauna shaka. Quatermain asimulia kama mzee aliyekaa barazani: hajitapi, akiri woga wake, na huchanganya hofu na mzaha. Tena tusimdhulumu mtungaji: tangu kurasa za mwanzo Quatermain alikataa jina la matusi waliloitwa Waafrika, akasema amewajua wenyeji waliokuwa waungwana kuliko Wazungu wengi. Na mwishoni Ignosi atangaza kwamba hatawapokea nchini mwake wafanyabiashara wenye bunduki na pombe. Maneno hayo yalichapishwa miezi michache tu baada ya mkutano wa Berlin kumalizika mnamo Februari 1885, mkutano ambamo mataifa ya Ulaya yalipatana kanuni za kujitwalia nchi za Afrika.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Riwaya hii yaifuata methali hiyo sawasawa: wageni waja, wenyeji wapona. Walakini mgeni wa methali hupokewa na mwenyeji mwenye nyumba yake. Je, Wakukuana ni wenye nyumba? Wana jeshi, wana desturi, wana ufasaha wa kusema. Kitu wasichopewa ni historia. Katika nchi yao ipo barabara kubwa ya mawe, yapo masanamu makubwa matatu, yapo machimbo. Mzee Infadoos aulizwapo ni nani aliyeijenga barabara hiyo, hana jibu. Quatermain akisia kwamba masanamu yale ni ya miungu ya Wafoinike, na ajuza Gagool ayahusisha machimbo na watu weupe wa kale. Kila kilichojengwa kwa mawe, basi, kilijengwa na mgeni. Mwenyeji amekuwa mlinzi wa mali asiyoijua asili yake.

Dhana hii haikuzuka kichwani mwa Haggard peke yake. Mwaka 1871 Mjerumani Carl Mauch alifika kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, akadai kwamba ni kazi ya Malkia wa Sheba. Wengi waliipenda kauli hiyo, kwani iliwapa wavamizi hoja kwamba wao wanarudi tu mahali palipokuwa pa wageni tangu zamani. Mwaka 1905 David Randall-MacIver aliyachunguza magofu, akasema ni kazi ya Waafrika. Na mwaka 1929 Bi Gertrude Caton-Thompson alichimba huko akathibitisha neno hilo. Tuutazame mwaka huo vizuri: ni mwaka uleule Waswahili walipopewa Mashimo ya Mfalme Sulemani. Hadithi ilifika madarasani mapema. Ushahidi wa uchimbaji ulichelewa sana njiani.

Madhara yake si ya kukisia. Tumepata kusahihisha insha ya mwanafunzi hodari, yenye lugha safi, aliyeandika kwamba Zimbabwe ilijengwa na watu wa Mfalme Sulemani. Lugha tulimpa alama zote. Kisha tukatambua kwamba kosa lile lilikuwa letu, kwa kuwa tulimfunza msamiati wa kitabu, hatukumfunza kukiuliza kitabu maswali.

Kwa hiyo hatukubaliani na wanaotaka kitabu hiki kitupwe, wala na wanaokigawa kama hadithi ya kuchangamsha tu. Johnson ametuachia kielelezo cha kufasiri chenye mafunzo. Hata lile neno la anwani lafaa mjadala: kwa nini mashimo, wala si machimbo? Shimo laweza kuwapo lenyewe. Chimbo lazima liwe na mchimbaji. Na swali la mchimbaji ni nani ndilo riwaya nzima inalolijibu isivyo.

Mwalimu na aanzie hapo. Wanafunzi wasome sura ya barabara, kisha wasomewe habari za Zimbabwe Kuu, halafu waandike insha kwa kinywa cha Infadoos, akimjibu Quatermain barabara ile ilijengwa na nani. Tukifanya hivyo, mgeni atakuwa amekuja, na mwenyeji atakuwa amepona kwa ulimi wake mwenyewe.